Kochi wa kampuni anakusubiri: ujiandae peke yako, na mwenzako, au ulipie kochi?

Umeomba kazi kwenye kampuni ya consulting, yaani hizi zinazoshauri biashara nyingine kama McKinsey, BCG au Bain. CV imepita, ule mtihani wa kwenye kompyuta nao umepita, alafu inaingia barua pepe: hongera, intavyu yako ni tarehe fulani, ila kabla ya hapo tutakupa saa moja hivi na mmoja wa washauri wetu mfanye kesi ya mazoezi. Hapo ndo watu wengi tunachanganyikiwa. Mwingine anaona aah hii si intavyu, ni mazoezi tu, anaenda hivohivo alivyo, na mwingine anaenda kushusha kila kitabu cha kesi anachokikuta mtandaoni anakesha navyo wiki nzima mpaka macho yanakuwa mekundu. Mimi nlikuwa huyu wa pili na ntawaambia ilivyoniishia.

Kwanza tuelewane, kesi hapa sio ya mahakamani. Ni tatizo la biashara unapewa ulitatue palepale kwa mdomo, na karatasi na kalamu, mtu anakuangalia. Kampuni fulani faida imeshuka, au inataka kuingia soko jipya, au inataka kununua kampuni nyingine, wewe unaulizwa ungefanyaje. Kalkuleta kwa kawaida hamna. Na kile kikao cha kochi kinachotolewa na kampuni yenyewe ni zawadi ambayo watu hawaijui thamani yake: mtu anayefanya ile kazi kila siku, mara nyingi na yeye alishapita kwenye intavyu hizohizo na anajua wenzake wanaangalia nini, anakupa kesi, anakusikiliza, alafu anakwambia ukweli. Bure. Shida ni moja, kinatokea mara moja. Ukienda hujui chochote, saa nzima itaisha mnafundishana herufi za irabu. Ukienda umejazwa fomyula, saa nzima itaisha anakubomoa.

Kwaiyo swali la maana ni hizo wiki mbili tatu kabla ya kikao uzitumieje. Njia ninazoziona watu wakizitumia ni tatu: kujifungia peke yako, kufanya na mwenzako, na kulipia kochi wa nje. Kuna ya nne ya hizi chatiboti za AI, ntaigusa kidogo.

Kabla hujachagua, jua unaenda kwa nani

Hii watu wanairuka alafu inawagharimu. Kesi haziendeshwi namna moja kila mahali. McKinsey wao wanajulikana kwa staili ambayo anayekuhoji ndo ameshika usukani: anakuuliza swali la kwanza, mnamaliza, anakuvusha kwenda la pili, chati hii hapa, hesabu hii hapa, nipe mawazo hapa. BCG na Bain kwa kawaida usukani wako wewe: unapewa tatizo, unaambiwa haya twende, na usipouliza data hupewi, ukinyamaza na yeye ananyamaza anakutazama tu. Sasa mtu aliyefanya mazoezi ya kusubiri kuulizwa akiwekwa kwenye hii ya pili anabaki amekaa kama abiria anayesubiri dereva kumbe dereva ni yeye. Na aliyezoea kuendesha akienda kwa hao wa kwanza anaanza kukimbia mbele ya maswali, anavurugana na mhoji.

Alafu McKinsey wana kile kipande cha maisha yako wanachokiita PEI (Personal Experience Interview), wanachukua tukio moja la kweli, labda ulimshawishi mtu mgumu au uliongoza timu kwenye kipindi kibaya, wanalichimba dakika kumi na kitu, ulisema nini, yeye akajibu nini, ukafanya nini. Hapo kujiandaa peke yako kunatosha kupata stori lakini hakutoshi kujua kama stori yako inasikika. Na ile mitihani ya kompyuta ya mwanzoni, Solve ya McKinsey au Casey ya BCG, usiende kupoteza saa ya kochi kuiuliza, ukishaitwa kwenye kikao mara nyingi imeshapita.

Peke yako

Faida yake ipo, tusidanganyane. Hamna wa kumsubiri, unafanya usiku, unafanya asubuhi, unakosea hamna anayekuona. Na kuna vitu ambavyo kiukweli vinatakiwa kufanywa peke yako, cha kwanza hesabu. Kuzidisha namba kubwa kichwani, asilimia, kujua 1 gawanya kwa 8 ni 12.5% bila kufikiria, kuangusha sifuri tatu bila kupotea. Hii haihitaji mtu, inahitaji dakika kumi na tano kila siku na uvumilivu. Cha pili ni kusoma chati, unachukua ripoti yoyote yenye grafu, unaangalia sekunde thelathini, unafunika, unasema kwa sauti hii chati inasema nini. Sio ina rangi gani, inasema nini. Cha tatu ni kujua tu sura za kesi zilivyo ili usishtuke.

Na huna haja ya kununua chochote kwa hili. Kampuni zenyewe zimeweka kesi za mfano kwenye tovuti zao, McKinsey wana kama Beautify na Diconsa, Bain wana ya duka la kahawa na vidio za intavyu ya kuigiza, na klabu za wanafunzi kwenye vyuo vya biashara zina vitabu vya kesi vinazunguka mtandaoni miaka na miaka. Anza na za kampuni inayokuita, hizo ndo zinafanana na utakachokutana nacho.

Ubaya wake sasa. Ukisoma kesi pamoja na jibu lake kila kitu kinaonekana rahisi. Unasoma swali, unasema hapa ningegawanya mapato na gharama, unageuza ukurasa, wamegawanya mapato na gharama, unajipongeza, unaenda nyingine. Kesi thelathini kwa wiki. Hujafungua mdomo hata mara moja. Ni sawa na kuangalia watu wakiogelea ukiwa umekaa ukingoni na taulo alafu unajihesabu na wewe muogeleaji.

Mimi ndo nlivofanya. Nikaingia kwenye kikao na kochi wa kampuni moja (sitaitaja) nimeiva kabisa, kichwani nina fremuweki kama saba, yaani miundo ya kukariri ya kugawanya tatizo vipande, nimezipanga kama sare za shule. Akanipa kesi: kampuni inakodisha baiskeli mjini, faida imeanguka, mwenye kampuni anataka kujua kwa nini na afanye nini. Nikaomba dakika moja, nikachora, nikamwaga: mapato, gharama, washindani, wateja, soko, teknolojia. Vizuri kabisa kama wimbo. Akaniacha nimalize alafu akaniuliza kitu kidogo tu, "Hapo kwenye karatasi yako baiskeli iko wapi?"

Nikaangalia. Haikuwepo. Ile karatasi ungeweza kuifuta jina ukaiweka kwenye kesi ya kiwanda cha sabuni au hospitali ikakaa vilevile.

Tukaendelea na namba. Baiskeli 4,000, kila moja inakodishwa mara 3 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, kila safari wanapata dola 2. Nikapiga: safari milioni 3.6, mapato milioni 7.2. Gharama milioni 5.2, faida milioni 2. Mwaka huu kila baiskeli inakodishwa mara 2.5 tu, gharama ziko palepale. Safari milioni 3, mapato milioni 6, faida laki nane. Nikamaliza haraka, sijakosea hata sifuri, nikakaa nasubiri sifa. Akasema, "Ndugu yangu, namba ziko sawa. Sasa mimi ndo mwenye baiskeli, umeniambia nini?"

Nikarudia namba. Kweli, nilirudia zilezile namba, kwa sauti ya chini kidogo.

Alichokuwa anakitaka kilikuwa mbele ya macho yangu: mapato yameshuka kama asilimia 17 lakini faida imeshuka asilimia 60, maana yake gharama za hii biashara karibu zote hazitikisiki, baiskeli ikikodishwa isikodishwe unailipia, kwaiyo kila safari inayopotea inatoka moja kwa moja kwenye faida, kwaiyo jambo la kwanza sio kubana matumizi ya ofisini, ni kujua hizo safari zimepotea saa ngapi za siku na vituo gani. Hiyo sentensi moja. Kesi thelathini nilizosoma hazikunifundisha kuisema kwa sababu kwenye vitabu vyote ilishaandikwa tayari, macho yangu yaliipita tu.

Kosa kama hilo angeliona mwenzangu yeyote aliyekaa mbele yangu wiki moja kabla, hata asiyejua consulting ni mnyama gani. Badala yake nikaenda kulimalizia saa yangu moja ya dhahabu.

Na mwenzako

Mimi hapa ndo naegemea, nasema mapema ili usije ukadhani naficha. Kwa mtu wa kawaida anayeenda kwenye kikao cha kochi wa kampuni, hii inashinda zile mbili nyingine. Lakini ina vurugu zake.

Uzuri wa kwanza ni kwamba unaongea. Mdomo una tabia zake ambazo kichwa hakizijui, unaweza kuwa umeelewa kabisa lakini ukifungua mdomo inatoka "aaam… so… nafikiri labda…" mara sita kwa dakika. Uzuri wa pili, na huu watu hawautegemei, unajifunza zaidi siku unayotoa kesi kuliko siku unayofanya. Ukiwa wewe ndo mhoji, umeshika jibu, unamsikiliza mwenzako anavyozunguka, unaona wazi kabisa hapa ameanza hesabu bila kuniambia anatafuta nini, hapa amenyamaza dakika mbili sijui kama amelala, hapa amesema pointi nne lakini tatu ni kitu kilekile kwa majina tofauti. Alafu unagundua na wewe jana ulifanya hivohivo. Hii ya pointi kupandana ndo ile wanaiita MECE, vipande visiingiliane na vikikusanywa visiache kitu nje, ni neno lililotoka kwa Barbara Minto akiwa McKinsey na saivi kila mtu analiimba, lakini kulielewa kwa kulisikia likikosewa na mwenzako ni mara kumi ya kulisoma.

Vurugu ya kwanza ni upole. Rafiki yako atakwambia "umefanya vizuri sana, labda tu hesabu kidogo". Hiyo haina faida. Mwambie kabla hamjaanza, mwishoni nataka kitu kimoja tu kibaya zaidi nilichofanya na sekunde niliyokifanya. Kimoja. Ukimwomba vitano atakupa vitano vyepesi, ukimwomba kimoja analazimika kuchagua. Na rekodini sauti kwenye simu, hakuna fidibaki katili kama kujisikia mwenyewe ukimaliza kesi kwa "basi nadhani ni hivyo tu".

Vurugu ya pili, wote mkiwa wageni mnaweza kufundishana makosa. Nimeona watu wawili wamefanya kesi ishirini pamoja na wote wawili wana tabia ya kuuliza maswali tisa ya kufafanua kabla ya kuanza, kwa sababu mmoja alisoma mahali kwamba kuuliza ni vizuri na mwingine akaiga. Dawa ni kubadilisha watu. Mkishafanya kesi nne tano na mtu mmoja mmeshazoeana, unajua atakupa chati saa ngapi, anajua utasema nini, mnakuwa kama wanandoa wazee. Tafuta mwingine. Kama huna mtu, kuna majukwaa kama PrepLounge watu wanatafutana huko kwa ajili ya mazoezi, utakutana na mtu humjui, na kutokumjua ndo faida yenyewe maana na siku ya intavyu hutamjua.

Vurugu ya tatu ni mwenzako haji. Mmepanga saa mbili, saa mbili na nusu anaandika "nipo njiani kidogo" wakati ni simu ya vidio. Hapo sina ushauri.

Kochi wa kulipia

Hawa wengi wao ni watu waliowahi kufanya kazi kwenye hizi kampuni, wakatoka, wakafungua biashara ya kufundisha. Wapo wazuri sana. Kochi mzuri ndani ya dakika kumi anakuona mpaka ndani, atakwambia wewe shida yako sio muundo, shida yako unaogopa kusema jibu ukiwa huna uhakika asilimia mia, na hiyo mwenzako wa mazoezi angechukua wiki tatu kuiona au asingeiona kabisa.

Lakini weka kando kwa kando na kochi wa kampuni uone tofauti. Kochi wa kampuni anajua kampuni yake inataka nini mwaka huu, wa kulipia anajua ilikuwa inataka nini alipokuwepo. Wa kampuni hana sababu ya kukufurahisha, wa kulipia anataka urudi, hata akiwa mkweli kuna ka-ulimi ka biashara. Wa kampuni unampata mara moja, wa kulipia unampata mpaka mfuko useme basi. Na kuna hili la mwisho ambalo limewaumiza watu, kila kochi wa kulipia ana staili yake anayoipenda, huyu anakwambia anza na dhana, yaani jibu unalolikisia, ndo uende kwenye muundo, yule anakwambia usiguse dhana mpaka uwe na data, ukichukua makochi watatu unaingia kwenye intavyu na vichwa vitatu vinagombana ndani ya kimoja.

Kwaiyo ni ya nani? Naona watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule aliyekwama, ameshafanya kesi kumi na tano na watu tofauti, haendi mbele, na hajui kwa nini. Huyo alipie kikao kimoja, kimoja tu, aende na swali hilo. Wa pili ni yule ambaye hana kikao cha kampuni kabisa, maana sio kila kampuni inatoa na sio kila anayeitwa anapewa. Huyo kwake kochi wa nje ndo kioo pekee alichonacho. Kwa aliyeahidiwa kikao cha bure na kampuni yenyewe, kulipia kabla ya hapo ni kama kuajiri mpishi aje akufundishe kula.

AI nayo, kwa ufupi. Kwa hesabu za haraka na kutunga kesi za kubuni iko poa, usiku wa manane haikwambii imechoka. Ila inakusifia mno. Unampa jibu la hovyo anakwambia "muundo mzuri sana" alafu anakurekebisha kwa adabu kama mhudumu wa hoteli. Na haikukatizi. Mhoji wa kweli anakukatiza katikati ya sentensi, anakunja uso, anauliza "una uhakika?" wakati uko sahihi kabisa, anataka kuona utatetemeka. Hiyo kwa chatiboti ya kuandika huipati. Itumie upande ule wa peke yako, usiihesabu kama mwenzako.

Mapema au mwishoni

Kampuni nyingine zinakupangia siku, nyingine zinakwambia chagua. Ukiambiwa chagua usikimbilie ya karibu zaidi kwa kihoro, na usiisogeze mpaka jana yake.

Ukienda mapema mno, yaani kesi mbili tatu tu umefanya, atakwambia vitu ambavyo ungevipata kwenye ile mifano ya bure: panga mawazo, ongea unavyofikiri, zungusha namba ziwe rahisi kuhesabu. Kweli vyote, lakini umetumia mtu wa ndani kufanya kazi ya kipeperushi. Ukienda mwishoni mno anakuonyesha tatizo la kweli na huna siku za kulirekebisha, unaingia kwenye intavyu unajua ugonjwa wako na dawa hujanywa, hiyo ni mbaya kuliko kutojua maana sasa unajiangalia wakati unatakiwa uiangalie kesi. Mimi nadhani siku saba mpaka kumi kabla ya intavyu ndo penyewe, na uwe umeshafanya kama kesi nane mpaka kumi na mbili kwa sauti. Kwa sauti, za kusoma hazihesabiwi.

Swali linaloulizwa sana: anapeleka maksi zangu kwa wahoji? Kwa kawaida kikao kinatolewa kama msaada na huwa wanakwambia wazi kwamba hakiingii kwenye maamuzi. Lakini ni mtu wa kampuni, ana macho. Kuchelewa, kumkatiza, kubishana na kila anachokurekebisha, hayo usiyafanye, na usiyafanye hata kama ungehakikishiwa kwa kiapo. Kwenye kesi yenyewe sasa kinyume chake, kosea kwa uhuru, jaribu ile kitu unachoogopa. Watu wanaenda kwa kochi wanacheza salama ili waonekane wazuri. Mgonjwa gani anaenda kwa daktari anajipaka poda ili aonekane mzima?

Unaingia na nini mkononi

Hapa nalinganisha watu wawili. Wa kwanza akiulizwa "ungependa tuangalie nini leo?" anajibu "chochote tu, naomba tips". Kochi atafanya nini, atampa kesi ya kawaida, atampa maoni ya kawaida, watashukuriana. Wa pili anasema hivi: "Nimefanya kesi kumi, nane na watu na mbili peke yangu. Hesabu saivi ziko sawa. Ninapoanguka ni kwenye kufungua, muundo wangu unakuwa wa jumla, mara tatu nimeambiwa hivo na watu tofauti. Na nikiulizwa mawazo ya haraka naishia matatu. Naomba unipe kesi ya sekta ambayo siijui." Hiyo ni nusu dakika. Kochi akisikia hivo anakaa vizuri kwenye kiti, anaweza hata kuacha kesi nzima mkafanya miundo minne mfululizo ya kesi tofauti bila kumaliza yoyote, na hiyo itakusaidia kuliko kesi moja nzuri ya kupigiwa makofi.

Na hapa ndo utaona kwa nini nimeegemea kwa mwenzako. Yale maneno "mara tatu nimeambiwa na watu tofauti" huwezi kuyatoa ukiwa umejifungia na vitabu. Peke yako hujui unapoanguka, unajua tu unapochoka.

Vingine vidogo. Karatasi nyeupe zisizo na mistari kama unaweza, shika kwa mlalo, kesi moja karatasi moja ya muundo na nyingine ya hesabu, usichanganye maana ukitafuta ile milioni 3.6 katikati ya mishale utaipoteza. Kama ni kwa vidio jaribu kuonyesha karatasi kwenye kamera kabla, watu wanaonyesha dari. Akikupa kesi ambayo ulishaifanya mwambie palepale, usijifanye unafikiria, wanaona, na ikishaonekana hamna kitu kingine cha kuongelea hapo. Na mwachie dakika tano mwishoni umuulize kazi yenyewe ikoje, mradi wake wa sasa anashinda akifanya nini, hayo majibu utayatumia ukiulizwa kwa nini unaitaka hii kampuni na sio ile ya jirani.

Kwa hali yako

Kama una wiki tatu na muda upo: siku nne tano za kwanza peke yako, hesabu na mifano ya kampuni, alafu mwenzako mpaka siku ya kikao, ukibadilisha watu angalau wawili. Usilipie.

Kama umeajiriwa na unarudi nyumbani umechoka, una wiki moja na kitu: ruka vitabu. Kweli, viruke. Hesabu ukiwa njiani, na kesi moja na mtu kila siku mbili hata kwa simu ya kawaida bila vidio, kesi nne za kuongea zitakufikisha mbali kuliko ishirini za kusinzia nazo.

Kama umetoka kwenye uhandisi au udaktari au sheria na hujawahi kusikia neno gharama zisizobadilika, hapo peke yako itachukua nafasi kubwa kidogo mwanzoni, unahitaji msamiati. Ila usiogope sana, watu wa biashara nao wana ugonjwa wao, wanajua maneno mengi mpaka wanasahau baiskeli.

Na kama ulishalipia kochi wa nje kabla hujasoma hapa, haina neno. Andika alichokwambia kwenye karatasi moja. Alafu ukitoka kwa kochi wa kampuni, kabla hujafungua simu, kaa dakika kumi uandike alichosema huyu kwa maneno yake mwenyewe, maana kesho utayakumbuka kwa maneno yako ambayo huwa yanakupendelea. Ziweke karatasi mbili hizo pembeni kwa pembeni. Wanapokubaliana, hapo ndo pa kufanyia kazi siku zilizobaki. Wanapopingana, fuata wa kampuni, kwa sababu atakayekuhoji anakula naye chakula cha mchana.